Kuonekana, Kuadimika na Kuhama: Kiswahili na Wanyama Wakubwa wa Bahari ya Afrika Mashariki



Msamiati wa bahari ni miongoni mwa hazina kongwe za Kiswahili, na sehemu yake kubwa imekwisha kukusanywa. Majina ya vyombo, ya nyavu na madema, ya pepo na ya mikondo ya maji yamekuwa yakiingizwa katika kamusi tangu zama za Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, hadi zile za Sacleux, aliyetoa yake mwaka 1939. Majina ya samaki nayo yameorodheshwa mara nyingi. Kilichochunguzwa kidogo ni vitenzi, yaani namna msemaji wa Kiswahili anavyoeleza kuja na kwenda kwa mnyama ambaye hamwoni isipokuwa pale anapopanda juu ya maji. Jambo hilo laweza kudhaniwa kuwa dogo, la wanaisimu peke yao. Mhadhara huu unashikilia kwamba si dogo. Wanyama watatu wakubwa wa pwani hii, potwe, nyangumi na nguva, husemwa kwa maneno yale yale wanapokosekana: hawaonekani, wameadimika. Lakini sababu za kukosekana kwao ni tatu tofauti, na mmoja wao amekaribia kutoweka.

Inafaa kuanza na potwe, kwa kuwa ndiye anayeipa mizani mantiki ya kawaida. Potwe ni papa, na ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Waliozidi mita 12 wamepimwa. Pamoja na ukubwa huo, chakula chake ni vitu vidogo mno: uduvi, mayai ya samaki, dagaa na vijidudu vielea maji, ambavyo huvichuja kwa kupitisha maji kinywani na kuyatoa mashavuni. Upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, mbele ya mji wa Kilindoni na mkabala wa delta ya Rufiji, potwe huonekana karibu na ufuko kuanzia Oktoba, kusi inapokuwa imekwisha kulegea, hadi Machi. Wengi wao ni madume ambao bado hawajapevuka. Hufuata uduvi, na dagaa nao hufuata chakula hicho hicho, hivyo mvuvi anayetafuta dagaa na potwe anayetafuta uduvi hukutana mahali pamoja.

Jina lenyewe lina mafunzo. Huko Mafia husemwa potwe au papa potwe, neno ambalo umbo lake halimwambii msikilizaji lolote juu ya mnyama. Katika pwani ya Kenya husemwa papa shilingi, na ipo hadithi kwamba Mungu alipendezwa mno na kiumbe hiki hata akawatuma malaika wakimwagie sarafu za fedha mgongoni, ndipo akapata yale madoa meupe. Hadithi ni nzuri, lakini mwanafilolojia hataacha kuuliza umri wake. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921, ikachukua nafasi ya fulorini. Kwa hiyo jina hilo, katika umbo lake la sasa, halielekei kuwa la kale sana, hata kama wazo la fedha mgongoni laweza kuwa limelitangulia. Wamalagasi walitazama madoa yale yale wakamwita marokintana, mwenye nyota nyingi. Wajava nao humwita geger lintang, mgongo wa nyota. Ni Waswahili wa Kenya walioona fedha pale wenzao walipoona mbingu, na si ajabu kwa watu wa miji ya biashara.

Wenye kuona nyota walikuja kupata shahidi asiyetarajiwa. Madoa ya potwe hayafanani kati ya mmoja na mwingine, kama zisivyofanana alama za vidole. Mwaka 2005 mwanafizikia wa anga Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa kompyuta Jason Holmberg na mwanabiolojia Brad Norman walichapisha njia ya kumtambua kila potwe kwa picha ya ubavu wake, nyuma ya mashavu, kwa kutumia hesabu ambazo wanaastronomia walizibuni kwa ajili ya kulinganisha makundi ya nyota katika picha za anga. Tangu hapo picha iliyopigwa na mtalii Kilindoni yaweza kulinganishwa na iliyopigwa Msumbiji au katika Ghuba, na ikajulikana kama ni samaki yule yule.

Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yale yaliyotarajiwa. Ulinganisho wa picha kutoka Msumbiji, Tanzania na Ghuba, uliochapishwa mwaka 2018 na Clare Prebble na wenzake, ulionyesha kwamba potwe anayejulikana katika sehemu moja ni nadra mno kukutwa katika nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Fernando Cagua na wenzake walikuwa wamechapisha utafiti wao wa Mafia, ambao ndio mhimili wa hoja hii. Potwe walifungwa vifaa vidogo vinavyotoa mlio usiosikika na binadamu, na vipokezi vikawekwa baharini kuzunguka eneo hilo. Macho ya watafiti yalithibitisha kile ambacho kila nahodha wa Kilindoni alikuwa akikisema: ukiisha msimu, potwe hawaonekani. Vipokezi vilitoa habari nyingine. Potwe wale wale waliendelea kusikika mwaka mzima. Walikuwa wamesogea mbele kidogo kutoka ufukoni na kukaa chini zaidi, mbali na uso wa maji. Hawakuwa wamehama.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Msemo wa kawaida, kwamba potwe wamekwenda zao, una mtendaji: ni potwe aliyefanya tendo la kuondoka. Kitenzi kuonekana, kwa upande wake, kimejengwa kwa mnyambuliko wa kutendeka, na mtendaji wake wa kweli ni mwenye macho. Anayesema potwe haonekani ameeleza hali ya macho yake, naye yu sahihi kabisa. Kuadimika nako ni hivyo hivyo: kilichoadimika kinapatikana kwa shida, bila ya kusemwa kama kimekwenda, kimejificha au kimekwisha. Mvuvi anayesema potwe wameadimika wakati wa kusi hajakosea hata neno moja. Kosa hutokea baadaye, pale maneno yake yanapoandikwa katika ripoti na kutafsiriwa kuwa potwe wamehama.

Isidhaniwe kwamba kuhama ni neno lisilo na mahali baharini. Nyangumi wa nundu huhama kwa maana kamili. Hulisha katika maji baridi ya kusini, karibu na Antaktika, kisha hupanda kaskazini na kufika katika bahari ya Msumbiji, Tanzania na Kenya kati ya Juni na Novemba ili kuzaa na kupandana katika maji ya joto, ambako hula kidogo mno au hawali kabisa. Mnyama huyu aliwindwa na meli za mataifa ya mbali hata akabakia kidogo. Kuwindwa kwake katika nusu ya kusini ya dunia kulikatazwa mwaka 1963, ingawa meli za Kisovieti ziliendelea kwa siri, na mwaka 1979 Bahari ya Hindi ikatangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi. Leo huonekana tena Watamu na Kizimkazi. Kwa nyangumi, basi, msimu wa macho na msimu wa mnyama ni kitu kimoja: asipoonekana mwezi wa Februari ni kwa sababu hayupo, na ulinzi wake hauna budi kuwa wa mataifa mengi.

Potwe naye amewekwa katika mlango huo huo wa sheria. Mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama wanaohama, ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulimwingiza katika orodha yake ya pili mwaka 1999 na katika orodha ya kwanza, iliyo kali zaidi, mwaka 2017. Mwaka 2016 alikuwa amekwisha kutajwa katika Orodha Nyekundu kuwa mnyama aliye hatarini. Hakuna ubaya katika hayo. Potwe wapo wanaosafiri mbali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulimfuata mmoja kutoka kusini mwa Msumbiji akivuka kuelekea Madagaska, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200 kwa siku 87, na njiani alizama hadi mita 1,286. Lakini neno lililomo katika jina la mkataba lisiwafanye watu wa nyumbani waamini kwamba mnyama ni mgeni apitaye, ambaye miezi mingine yu mikononi mwa jirani. Potwe wa Mafia ni mkaazi. Anayemdhuru au kumlinda mwezi wa Juni ni yule yule anayempigia picha mwezi wa Desemba.

Na mipaka ya hifadhi haikumfuata. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilitangazwa mwaka 1995 nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Imezunguka maji ya kusini na mashariki ya kisiwa, yenye matumbawe ya Chole, Juani na Jibondo, na chaguo hilo lilikuwa na sababu nzuri. Ila maji ya Kilindoni, anakokaa potwe, yamebakia nje. Huko wavuvi wa ringineti huzungusha nyavu kukamata dagaa na mara kwa mara humkuta potwe ndani. Wengi huachwa watoke kwa kushushwa ukingo wa juu wa wavu, kazi inayochukua muda na kupoteza sehemu ya mavuno. Hiyo ni gharama ya uhifadhi ambayo huandikwa kwa nadra. Vyombo vya injini navyo ni hatari. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya maeneo ambamo potwe huogelea karibu na uso wa bahari yanaingiliana na njia za meli kubwa, na vifaa vya baadhi yao vilinyamaza katika njia hizo baada ya kuonyesha samaki akizama polepole hadi chini. Potwe aliyegongwa na kufa huzama. Naye pia, kwa lugha ya aliye juu ya maji, haonekani.

Nguva ndiye wa tatu, na habari zake ni nzito zaidi. Ni mnyama anyonyeshaye, hula nyasi za baharini katika maji ya kina kifupi, na hana budi kupanda juu kila baada ya dakika chache kuvuta pumzi. Jike hubeba mimba kwa miezi 13 hadi 14, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Mnyama wa namna hiyo hawezi kustahimili jarife, wavu wa macho mapana unaotegwa usiku kucha kwa ajili ya papa na taa; akinasa hufa kwa kukosa hewa. Kwa Tanzania, eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo lililobakia kuwa tegemeo lake. Mwishoni mwa mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki walitajwa katika Orodha Nyekundu kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa kukadiriwa kwamba waliopevuka hawafiki 250, wengi wao wakiwa katika maji ya Bazaruto, Msumbiji.

Neno nguva, hata hivyo, ni zima na lina afya. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi analijua vizuri: ni kiumbe wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki. Lugha nyingine zina historia inayokaribiana na hiyo. Jina la kisayansi la ukoo wa nguva limetokana na wanawake waimbaji wa visasili vya Kiyunani, na duyung ya Kimalei humtaja mnyama na kumtaja binti wa baharini pia. Tofauti ni kwamba wataalamu wa Ulaya walichukua jina kutoka katika visasili wakampa mnyama, ambapo Kiswahili kinaelekea kumwacha mnyama na kubaki na kisasili. Kamusi itaendelea kutoa maana zote mbili. Lakini maana ya kwanza ikikosa mtu aliyewahi kumwona nguva akipumua, neno halitaonyesha alama yoyote ya msiba, na mwalimu wa shule ya msingi hatajua kwamba pana kitu kilichopotea.

Watafiti wa nguva wamezoea kuwahoji wavuvi, kwa kuwa hesabu kutoka angani ni ghali na wanyama ni wachache. Jibu wanalopewa mara nyingi ni kwamba siku hizi wameadimika, na likiandikwa hivyo linalingana na jibu la nahodha wa Kilindoni juu ya potwe wakati wa kusi. Dodoso lililoandikwa na mtu anayeijua lugha lingeendelea mbele: alionekana mara ya mwisho mwaka gani, akiwa hai au akiwa ndani ya jarife, katika maji ya pima ngapi, bamvua au maji mafu, na ni nani mwingine aliyekuwa chomboni. Maneno yote hayo yamo katika Kiswahili cha wavuvi tangu kale, na wanaoweza kuyajibu maswali hayo kwa habari za nguva aliye hai wengi wao sasa ni wazee.