Vita, Sheria na Mtumwa: Ukombozi Uliochelewa katika Nyanda za Juu Kusini



Swali langu leo ni moja. Sheria ya kufuta utumwa inapozaliwa na vita, humkomboa nani, na huungwa mkono na nani?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani, katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 1 Januari 1863 Rais Abraham Lincoln alitangaza kuwa watumwa wa maeneo yaliyoasi ni huru. Majimbo ya watumwa yaliyobaki upande wake hakuyagusa. Wala hakuungwa mkono na wote: alipotangaza nia hiyo Septemba 1862, chama chake kilipoteza viti vingi katika uchaguzi uliofuata. Nguvu ya tangazo ilitoka kwa watumwa waliotoroka mashamba na kukimbilia majeshi yake, na kwa wanaume weusi wapatao 180,000 waliovaa sare za majeshi hayo. Lincoln akachaguliwa tena 1864, na Desemba 1865 katiba ikafuta utumwa nchi nzima. Tangazo lile lilikuwa na watu wa kulitetea ndani ya nchi, kwa kura na kwa bunduki.

Tuje kwetu. Zanzibar, Sultani Hamoud bin Mohammed alifuta hadhi ya kisheria ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, kwa shinikizo la Uingereza, na mabwana wakalipwa fidia. Huku bara, Wajerumani waliotutawala hawakuufuta kamwe. Waliubana polepole: kwa amri ya 1904, watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 walihesabiwa huru. Tangu 1891 hadi 1912 zilitolewa hati za uhuru zaidi ya 50,000, nyingine kwa watumwa waliojikomboa kwa fedha zao. Katika bunge la Berlin wapo waliodai utumwa uwekewe tarehe ya mwisho, lakini serikali ya koloni iliogopa kuwaudhi wenye watumwa, na vita vya 1914 vikayafunika majadiliano hayo.

Hata hivyo, idadi ya watumwa ilikuwa inapungua. Makadirio ya Wajerumani ya karibu 1900 yalitaja watumwa 400,000. Kufikia 1914 walikadiriwa kuwa chini ya 200,000. Hati peke yake haziwezi kueleza upungufu huo. Wengi waliondoka tu. Reli na mashamba makubwa yalihitaji vibarua, na mtu aliyekwenda kutafuta ujira mbali hakuulizwa bwana wake ni nani.

Hapa Ubena, nchi ya Wabena wa Njombe, hali ilikuwa na sura yake. Vita vya karne ya kumi na tisa, vya Wahehe, Wangoni, Wasangu na Wabena, viliacha mateka wengi, hasa wanawake na watoto. Mateka aliingizwa katika kaya, akaolewa, akazaa, akawa bibi wa mtu. Mtumwa wa namna hii hakuwa na pa kurudi, na hati ya boma haikumpa ukoo mpya.

Kisha Vita Kuu ikapita hapa mara mbili. Katikati ya 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalipanda kutoka Nyasaland na kuishika Njombe. Novemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kikasalimu amri Ilembule. Oktoba 1918 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akapita akitoka Msumbiji, akamwacha Ubena jenerali wake, Wahle, aliyekuwa mgonjwa. Kila jeshi lilichukua chakula, ng'ombe na watu wa kubeba mizigo. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kuwa 95,000 hivi. Wengi wao walikamatwa, hawakujitolea. Hivyo vita vilivyouondoa utawala uliovumilia utumwa vilikuwa vyenyewe utumishi wa lazima mkubwa kuliko wowote uliotangulia.

Na washindi hawakuharakisha. Uingereza iliishika Njombe 1916. Utumwa Tanganyika ulifutwa na sheria ya 1922, chini ya Gavana Horace Byatt, mwaka uleule masharti ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa yalipothibitishwa. Masharti hayo yalitaka watumwa wote hatimaye wakombolewe. Sheria ilisukumwa kutoka London na Geneva. Waliokuwa watumwa hawakuwa na kura, wala chama, wala mjumbe wa kuwasemea.

Matokeo yake yalikuwa mawili. Kwanza, sheria ilipita kimya. Mabwana hawakuinua silaha, kwa sababu utumwa ulikwisha kuliwa na miguu ya watumwa wenyewe. Pili, haikusema lolote juu ya ardhi wala juu ya kazi. Mwaka 1923 ikaja sheria ya mabwana na watumishi, iliyomfanya kibarua anayeacha kazi kabla ya mkataba kuwa mkosaji wa jinai. Asiyelipa kodi aliweza kutumikishwa. Njombe ikawa chimbuko la manamba, vibarua wa mkataba waliokwenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro, na katika Vita Kuu ya Pili serikali ileile iliwaandikisha watu kwa nguvu kufanya kazi mashambani.

Sisemi kuwa manamba alikuwa mtumwa. Manamba alilipwa, alirudi kwao, na mtoto wake hakurithiwa na mtu. Tofauti hiyo ni kubwa, na sheria ya 1922 ina sehemu yake katika kuilinda. Lakini sheria isiyo na watu wa kuitetea hukataza jina la kitu na kuacha nguvu zake. Marekani yenyewe iliyaona hayo majeshi ya serikali kuu yalipoondolewa Kusini 1877 na watu weusi wakanyang'anywa kura.

Hukumu yangu ni hii: mtumwa wa Tanganyika alijikomboa kwa kuondoka, na sheria ikaja baadaye kuandika lililokwisha kutendeka. Nawaomba vijana wawaulize wazee, wangali hai, habari za bibi waliokuja kama mateka, na waziandike kwa heshima. Na nawaomba wazee wakomeshe kunong'ona kwamba ukoo fulani ni wa watumwa. Sheria ilimaliza kazi yake 1922. Iliyobaki ni yetu.