Sungura Aliyezaa Anapogoma Kula: Kwa Nini Tiba Ianzie Tumboni
Mada ya semina ya wafugaji wa sungura wa nyumbani, Kakontwe, Likasi

Sungura jike akizaa, macho ya nyumba nzima huhamia kwenye kiota. Wamezaliwa wangapi, wangapi wako hai, yupi kafunikwa na manyoya na yupi kabaki nje akipigwa baridi. Mama yao husahaulika kwenye kona ya kizimba, na unyonge wake hupewa jina la uchovu wa uzazi. Kosa huanzia hapo. Sungura ni kitoweo cha kila mwindaji, na porini anayejionyesha kuwa dhaifu ndiye anayechaguliwa. Kwa hiyo hata yule anayebembelezwa na watoto uani huficha maumivu mpaka yamshinde. Siku mwenye mali anapotambua kuwa kuna ugonjwa, mara nyingi ugonjwa huo umekwisha kulala naye usiku mmoja au miwili. Ninalotaka kulitetea leo ni hili: iwe ugonjwa umeanzia kwenye chuchu, kwenye kizazi au kwenye ini, sungura aliyezaa hufa kwa kupitia tumbo. Tumbo ndilo la kukaguliwa kwanza na kutibiwa kwanza, na dawa inayoliharibu haifai hata kama inaua vijidudu vya jipu.

Ili kuelewa sababu, tuangalie jinsi anavyosaga chakula. Sungura ana kifuko kikubwa katika utumbo wake, wataalamu hukiita sekamu, ambamo majani huchachushwa na mabilioni ya vijidudu rafiki. Chungu hicho hakipaswi kuzima. Kinataka majani yenye nyuzi yaingie usiku na mchana, na sungura hana uwezo wa kutapika kilichomkaa vibaya. Akiacha kula kwa sababu ya homa au maumivu, utumbo hupunguza mwendo. Utumbo ukisimama, hewa hujaa na maumivu huongezeka. Maumivu yakiongezeka, hali kabisa. Wakati huohuo maziwa yanaendelea kudai nguvu, na maziwa ya sungura ni mazito, mafuta yake yanazidi mara tatu yale ya ng'ombe. Mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe, yanarundikana kwenye ini, na jike mnene ndiye anayeanguka upesi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Fagia chini ya kizimba jioni, kisha asubuhi utazame. Vitonge vingi, vikubwa, vikavu, ni habari njema. Vikiwa vidogo na vya kuhesabika, kuna jambo. Saa 12 bila kitonge hata kimoja ni dharura, hata kama mama ameketi vizuri na masikio yake yamesimama. (Vile vidogo laini vilivyoshikana kama kichala huvila mwenyewe, na hiyo ni afya, vikibaki vimetapakaa sakafuni, hapo ndipo pa kuuliza.)

Si kila kinachotisha ni ugonjwa. Wengi husema mama amewakataa watoto kwa kuwa hawamwoni kiotoni, lakini sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, pengine mbili, na kila mara ni dakika 3 hadi 5. Watoto wenye matumbo ya duara wamenyonya. Wenye ngozi iliyokunjamana hawajanyonya, na hapo mama akaguliwe. Damu kidogo siku ya kwanza ni ya kawaida. Uchafu wa rangi ya kahawia unaonuka, unaoendelea kutoka siku zinazofuata, ni kizazi kilichooza au mtoto aliyebaki ndani, kwani uzazi wa kawaida huisha ndani ya nusu saa hivi. Mpapase mama tumboni kwa vidole vyepesi; ukihisi kitu kigumu kilichobaki, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, wala usivute. Chuchu zake 8 au 10 zipapaswe moja moja kila siku katika wiki ya kwanza. Iliyo moto, ngumu na nyekundu ni mwanzo wa ugonjwa wa kiwele, na ikigeuka rangi ya buluu maradhi yamekwenda mbali. Homa nayo ina mipaka yake: joto la sungura mzima ni kati ya digrii 38.5 na 40, kwa hiyo mkono wa binadamu humwona ana homa hata akiwa mzima. Jike anayetetemeka au kulegea miguu katika siku za kunyonyesha huenda amepungukiwa kalisiamu kwenye damu, naye anahitaji sindano inayotiwa polepole na anayeijua.

Basi tiba. Wakati daktari anatafutwa, mwenye sungura ana kazi ya kufanya saa ileile. Maji kwanza, kwa sababu jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima kwa siku. Kisha nyasi mbichi na majani anayoyapenda, lengalenga au matembele yaliyonyaushwa kidogo. Akikataa, nyasi kavu zitwangwe, zichekechwe, zilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, apewe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo: mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, mara 3 au 4 kwa siku, taratibu asije akapaliwa. Bunga la mahindi lisitumike hapa. Wanga mwingi huchafua chungu kile tulichokisema. Tumbo likiwa limejaa na kukaza kama ngoma, usilishe kabisa, mkimbize kwa daktari. Chuchu yenye moto ikandwe kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na maziwa yakamuliwe.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linapotokea. Watu watasema: jipu ni jipu, kwa nini tusimpe amoksilini inayouzwa kila farmasi, mbona jirani alimpa wake akapona? Jibu liko katika kalenda. Amoksilini, ampisilini, lincomisini na klindamisini zikipitia mdomoni huua vijidudu rafiki vya sekamu, na wabaya wa jamii ya klostridiamu huchukua nafasi na kutoa sumu. Mauti hayaji siku hiyo. Huja siku kadhaa baadaye kwa kuhara maji, wakati uvimbe wa chuchu pengine umeshapungua, na mwenye sungura husema dawa ilisaidia ila uzazi ulimshinda. Dawa hupata sifa, uzazi hupata lawama. Aliyepona kwa jirani ni kweli alipona, lakini waliokufa hawahesabiwi upande wa dawa. Kuna njia zenye hatari ndogo: kotrimoksazoli kwa mdomo, kwa kawaida miligramu 30 kwa kila kilo mara 2 kwa siku, au enrofloksasini, au penisilini ya sindano chini ya ngozi mikononi mwa daktari. Mizani ije kabla ya kidonge.

Pingamizi la pili ni la umbali: kitivo cha mifugo kiko kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, na nauli inaweza kuzidi bei ya sungura. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeweka uzito kwenye ufagio, maji na nyasi, vitu vilivyoko uani. La tatu ni kwamba afadhali kuchinja. Anayefuga kwa ajili ya nyama ana haki ya kufikiri hivyo, lakini mnyama mwenye homa na usaha, au aliyetoka kupewa dawa, si nyama ya kuweka mezani, na watoto wasiofungua macho bado, yaani walio chini ya siku 10 hivi, watamfuata. Wala wasihamishiwe haraka kwa jike mwingine: watoto wa mama mwenye ugonjwa wa kiwele hubeba vijidudu midomoni na kuviweka kwenye chuchu nzima.

Linabaki suala la kizimba. Vijidudu vya kiwele huingilia mikwaruzo, na mikwaruzo hutoka kwenye misumari na kingo za sanduku la kiota. Zipigwe msasa kabla ya siku ya 28 ya mimba. Kakontwe ni mahali pa mawe ya chokaa, na kupaka kuta za kizimba chokaa ni desturi nzuri na rahisi, mradi ikauke kabisa kabla ya mama kurudishwa, kwani chokaa mbichi huunguza nyayo na macho. Wako wanaofikiri chokaa hiyohiyo ikinyunyizwa kwenye chakula itampa kalisiamu. Itamchoma koo. Kalisiamu ataipata kwenye majani, na katika usiku wa Juni na Julai, ambapo baridi ya mwinuko huu wa mita 1,300 hivi hupenya hadi kwenye kiota, anachohitaji zaidi ni nyasi kavu za kutosha: za kulalia watoto, na nyingine za kutafuna yeye mpaka alfajiri.