Uko Wapi Hasa?

Ndugu msikilizaji wa Katesh na Endasak, wa Dongobesh, Haydom na Yaeda Chini,

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, ikateremka na maji, mawe na magogo hadi Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wapo wanaonisikiliza sasa ambao nyumba zao zilikuwa njiani, nao hawahitaji kuhadithiwa na mimi. Ninachotaka kukikumbusha ni swali lililorudiwa kila simu ilipoita siku ile: uko wapi hasa? Na jibu lilikuwa: niko huku, juu kidogo ya korongo. Korongo lipi? Aliyepiga alilijua kwa jina, jina alilolisikia kwa bibi yake, la Kiiraqw au la Kidatoga. Aliyepokea, kama si mzaliwa wa hapa, jina lile halikumwambia kitu. Akifungua ramani, halimo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria mwanamke mmoja wa Kenya, Juliana Rotich.

Rotich alizaliwa mwaka 1977. Alisomea kompyuta Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City, kisha akafanya kazi za mawasiliano na takwimu. Desemba 2007 Wakenya walipiga kura, na matokeo yalipotangazwa tarehe 30, nchi ikawaka moto. Rotich alikuwa Eldoret, eneo lililoumia kuliko mengi, akiandika mtandaoni yale aliyoyaona. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakayakimbia makazi yao. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku. Mtu wa Nairobi akawa hajui ni kijiji gani kimechomwa na ni barabara ipi bado inapitika.

Mapema Januari 2008, mwanasheria Ory Okolloh akatoa wito: wajuzi wa kompyuta watengeneze ramani ambayo mwananchi ataweka mwenyewe alichokiona. Waliouitikia ni pamoja na Rotich, David Kobia aliyeandika programu yenyewe, na Erik Hersman. Siku chache tu ramani ikawa inafanya kazi. Wakaiita Ushahidi. Nalipenda sana jina hilo. Wangeweza kutafuta neno la kuwapendeza wafadhili, wao wakachukua neno la mahakamani na la barazani, neno la mtu anayesimama na kusema: nilikuwepo, niliona kwa macho yangu.

Namna ilivyofanya kazi ni rahisi kuieleza. Unatuma ujumbe mfupi, hata kwa simu ya kitochi. Upande wa pili yupo mtu anayeusoma, anayeuliza na kulinganisha, kisha anaweka alama mahali pake kwenye ramani. Msisitizo wangu uko kwa huyo mtu. Mitambo husifiwa sana, lakini bila msomaji anayeelewa lugha ya mtumaji na anayeijua nchi yake, ujumbe ni herufi tu.

Haiti ilituonyesha hilo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliuangusha mji wa Port-au-Prince, na waliofukiwa na waliojeruhiwa wakawa wanatuma ujumbe kwenda namba 4636. Waliandika Kikrioli, na waokoaji waliotoka nje hawakukijua. Waliosaidia ni Wahaiti wenyewe, wengi wao wakiwa ughaibuni, Marekani na Kanada. Walikesha wakitafsiri, na pale ujumbe uliposema nyuma ya kanisa fulani, karibu na soko fulani, wao walipajua, maana walikulia pale. Ramani ya Ushahidi ikapata alama zake kutoka kwenye kumbukumbu za watu hao.

Rotich aliiongoza taasisi ya Ushahidi kama mkurugenzi mtendaji hadi 2015, na programu yake hutolewa bure kwa yeyote anayeihitaji. Mwaka 2013 yeye na wenzake wakaleta BRCK, kifaa cha intaneti chenye betri ya kukaa saa nane umeme ukikatika, kinachohama chenyewe kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Mkazi wa Mbulu hahitaji kuelezwa kwa nini mtu alibuni kitu kama hicho. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Afrika ya Ujerumani.

Wengi wanaomtaja humtaja kwa tuzo na majukwaa. Mimi naona kazi yake moja tu, ileile tangu Eldoret: kuhakikisha sauti ya aliyepo inafika, na ikifika iaminiwe.

Sasa turudi kwetu. Wilaya zetu mbili, Hanang na Mbulu, zina utajiri wa lugha ambao wataalamu wa lugha husafiri kutoka mbali kuja kuusikiliza: Kiiraqw, Kidatoga, Kihadza, Kinyaturu, na Kiswahili kinachotuunganisha. Kila lugha ina majina yake ya vilima, mabonde na makorongo. Siku mlima ulipomeguka, majina hayo ndiyo yaliyokuwa anwani za watu. Nani ameyaandika? Mzee anayeyajua yote akiondoka, anaondoka nayo.

Kuchora ramani ya namna hiyo kunawezekana hapa nchini. Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa inayofurika, kama Tandale, wakitembea kwa miguu na kuwauliza wenyeji. Binti wa kidato cha nne wa Gendabi mwenye simujanja ya kaka yake anaweza kuanza kesho, akiwa na babu yake pembeni. Nani ajuaye atafika wapi akishaanza? Rotich naye alianza kwa kuandika aliyoyaona, katika mji uliokuwa unaungua.

Lakini kazi hiyo lazima itangulie mvua. Namba inayotangazwa siku ya maafa huwafikia watu wakiwa tayari wanakimbia. Namba ya studio hii mnayo kwenye simu zenu miaka mingi.

Basi naomba tuitumie. Kuanzia usiku huu, nitumieni ujumbe: jina la korongo lililo karibu na kwenu, kwa lugha yenu, kijiji na kitongoji, linaanzia wapi na maji yake huishia wapi. Nitaanza kuyasoma majina hayo Jumamosi, kwanza ya upande wa mlima. Mkinisikia nimelitamka vibaya, nipigieni mnisahihishe hapohapo.