Rojo ya Kupaka Usoni kwa Ngozi Yenye Mafuta

Somo letu la leo ni juu ya uso. Wazee wa darasa, msicheke. Somo hili si la wasichana peke yao.

Chukua kioo, utazame paji la uso, pua na kidevu. Kama vinang'aa mafuta muda mfupi tu baada ya kunawa, basi ngozi yako ni ya mafuta. Mafuta hayo hutoka katika ngozi yenyewe, kwa matundu madogo sana. Kazi yake ni njema: huilinda ngozi isikauke. Lakini yakizidi, hasa kwa vijana wanaobalehe, matundu huziba na chunusi huota. Kwa hiyo chunusi si alama ya uchafu wala ya tabia mbaya. Usimcheke mtoto wako.

Haya, tutengeneze rojo. Vitu vinavyotakiwa ni hivi:

1. Unga laini wa mahindi yaliyokobolewa, vijiko 2 vya chakula.
2. Asali safi, kijiko 1 cha chai.
3. Maji vuguvugu yaliyokwisha chemshwa.

Unga hunyonya mafuta. Asali huushika unga usidondoke, tena huizuia ngozi isikauke mno. Ninyi mnaofuga nyuki mnayo asali nyumbani, ichujeni tu. Unga uchekeche mara 2, maana chenga hukwaruza.

Kwanza, nawa mikono. Changanya unga na asali, utie maji kidogo kidogo, mpaka rojo iwe nzito kuliko uji na nyepesi kuliko ugali.

Pili, ijaribu. Paka kidogo mkononi, upande wa ndani, karibu na kiwiko. Baada ya dakika 10 osha, kisha ngoja mpaka kesho. Ukiona vipele au ukiwashwa, usiipake usoni.

Tatu, kama mkono ni salama, tengeneza rojo mpya. Nawa uso, upake rojo nyembamba. Usiguse macho, wala kidonda, wala chunusi iliyopasuka.

Nne, kaa dakika 10. Osha kwa maji vuguvugu bila kusugua. Mara 1 kwa juma yatosha. Mabaki yatupe, maana yatachacha.

Rojo hii haiponyi chunusi. Huondoa mafuta ya juu tu, nayo yatarudi. Chunusi kubwa zinazouma na kuacha makovu ni kazi ya mganga wa zahanati. Usitie limau: maji ya limau na jua kali huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa meusi.

Sasa sikilizeni jambo kubwa la leo. Tuseme umechoka na chunusi. Sokoni unaonyeshwa kikopo kidogo, unaambiwa, "Paka hiki, uso utakuwa mweupe na laini kwa siku chache." Usikinunue upesi. Baadhi ya vikopo hivyo vina zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo huitumia kunasia dhahabu. Zebaki hupita katika ngozi ikaingia mwilini, nayo huharibu figo. Mama mwenye mimba akiipaka, huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Serikali ya Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na vyenye haidrokwinoni pia.

Hapa ndipo kusoma kunapokuwa na faida. Geuza kikopo, usome maandishi madogo. Ukiona neno Mercury, au Calomel, au Hydroquinone, kirudishe. Kama hakina maandishi yo yote, kirudishe vile vile. Aliyeficha jina la dawa yake ana sababu ya kulificha. Mwaka jana labda ulimwomba mtoto akusomee. Leo soma mwenyewe.

Maswali ya darasa

1. Mafuta ya usoni hutoka wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini tunajaribu rojo mkononi kwanza?
3. Andika katika daftari maneno 3 ya kutafuta juu ya kikopo. Yaandike mpaka uyajue bila kutazama.
4. Nyumbani kuna kikopo gani cha kupaka? Kilete darasani, tukisome pamoja.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.