Noa Kabla Makali Hayajaisha
(Mazungumzo na vijana wanaojifunza ufundi wa metali, Karema)



Nimeombwa nieleze kwa nini biti zinaungua tunapotoboa shafti za boti. Biti iliyotoboa chuma cha kawaida siku nzima hugeuka bluu kwenye tundu moja tu la stenlesi. Wengi husema biti ni feki. Feki zipo, lakini mara nyingi sababu imo ndani ya metali yenyewe.

Stenlesi ya kawaida ina nikeli kama asilimia 8, pamoja na kromiamu. Mchanganyiko huo una tabia mbili. Kwanza, hupitisha joto polepole, takriban theluthi moja ya chuma cha kawaida, hivyo joto hubaki kwenye ncha ya biti. Pili, ukiusugua bila kuukata, huzidi kuwa mgumu palepale.

Ziko aloi kali zaidi, zile za injini za ndege. Inconel 718, ambayo nusu yake au zaidi ni nikeli, hubaki na nguvu hata kwenye nyuzi 650 za Selsiasi. Sifa hiyo inayoifaa injini ndiyo inayomaliza visu vya mashine ya milingi, ambayo hukata kwa kisu chenye meno kinachozunguka. Ncha za kisu huweza kufikia joto la karibu nyuzi 1,000. Kisu cha karbaidi kinachokata chuma kwa mwendo wa mita 150 au zaidi kwa dakika, hapa hupunguzwa hadi mita 30 au 50.

Angalieni jinsi kisu kinavyolika. Makali yakiisha, ubavu wa jino huwa bapa na kuanza kusugua. Kusugua huongeza joto na nguvu ya kusukuma, na nguvu hiyo huzidi kukila kisu. Kwa hiyo viwandani hawangoji kivunjike. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 0.3: bapa likifika hapo, kisu hubadilishwa. Wengine hufunga kifaa cha kupima nguvu ya kukata. Ikipanda, wanajua kisu kimechoka.

Sisi hatuna kifaa hicho, lakini tuna mkono na sikio. Tushike mambo manne:

1. Punguza mwendo wa mashine.
2. Sukuma kwa uthabiti. Biti isizunguke mahali pamoja bila kukata.
3. Tia mafuta ya kukatia tangu mwanzo, siyo moshi ukishatoka.
4. Ukilazimika kuegemea zaidi, au biti ikilia, simama unoe.

Nikeli siyo mali ya wageni. Iko Kabanga, wilayani Ngara, na mwaka 2021 Serikali ilisaini mkataba wa kuichimba ikiwa na hisa za asilimia 16. Kijana anayejua kuikata metali hii ana nafasi kuliko anayejua kubeba mawe yake tu.

Lakini tuanzie hapa kwetu. Tundu lililolazimishwa kwa biti butu hupanuka na kupinda. Pini hulegea, na rafadha huachia katikati ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, boti ikiwa na mama zetu na watoto. Dakika tano za kunoa ni sehemu ya usalama wao.