Mali ya Yatima Isiliwe na Gharama: Khutba juu ya Wasia na Mirathi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye kwake vitarejea vyote tunavyoviita vyetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema hata Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi na naiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu wa Nangara na Babati yote, na nyinyi mnaotusikiliza mkiwa majumbani na shuleni: leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulikwepa, wakidhani kwamba kulitaja ni kujiitia mauti. Jambo hilo ni wasia na mirathi, na hasa gharama zinazoandamana nayo. Mara ngapi tumeona mzee amezikwa, matanga yameondolewa, na kabla ya arubaini kila upande wa watoto umekwisha kwenda kumtafuta wakili wake! Kesi inakwenda mwaka, inakwenda wa pili, na hatimaye kiwanja kile kile kilichogombaniwa kinauzwa ili kulipa ada za waliokigombania.

Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amewaonya kwa adhabu ya moto wale walao mali ya yatima kwa dhulma. Tukilisikia onyo hilo, mara moja twamfikiria ami mlafi. Lakini mali ya yatima hupotea pia kwa uzembe wa baba aliyekufa bila ya kuandika neno. Kila shilingi inayolipwa kwa ugomvi imetoka katika fungu la mtoto. Basi jueni, ndugu zangu, kwamba gharama za mirathi hupunguzwa na aliye hai. Akisha kufa, wanaobaki hulipia yale aliyoyaacha bila kuyatengeneza.

Mpango wa mirathi Mwenyezi Mungu hakutuachia tuutunge sisi. Kwanza hutolewa gharama za mazishi bila ya israfu. Pili hulipwa madeni. Tatu hutekelezwa wasia, nao usizidi thuluthi ya mali iliyobaki. Bwana Mtume alipoulizwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, alimruhusu thuluthi, na hata hiyo akasema kuwa ni nyingi. Nne, kilichobaki hugawanywa kwa warithi kwa mafungu yaliyotajwa. Wala hauthubutu wasia kwa mrithi, kwani mrithi amekwisha kupewa haki yake na Mola wake.

Tuchukue mfano. Mtu amekufa na ameacha mali yenye thamani ya shilingi 12,000,000. Mazishi yamechukua shilingi 400,000. Madeni ni shilingi 1,400,000. Ameusia shilingi 600,000 zipewe madrasa, nazo hazijafika thuluthi. Zinabaki shilingi 9,600,000. Warithi wake ni mke, mama yake mzazi, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke atapata thumni, yaani shilingi 1,200,000. Mama atapata sudusi, yaani shilingi 1,600,000. Zilizobaki, shilingi 6,800,000, ni za watoto, na mwana wa kiume hupata mara mbili ya binti: yeye shilingi 3,400,000, na kila binti shilingi 1,700,000. Hesabu hii mwanafunzi wa madrasa aliyesoma faraidhi anaifanya kwa kalamu na karatasi. Mke, mama na watoto wametajwa na Qur'ani yenyewe. Pana haja gani ya kulipa mamilioni ili watu wabishane kama wanayo haki?

Mtauliza: ikiwa mafungu yamekwisha kupangwa, wasia ni wa nini? Ndugu zangu, ni wa mambo makubwa. Bwana Mtume ametufundisha kuwa haimfalii Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa naye. Na kwetu sisi wa Tanzania Bara liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Sheria ya nchi inaitambua sheria ya Kiislamu katika mirathi ya Waislamu, lakini inazitambua pia mila za makabila. Tangu miaka ya 1960 Mahakama Kuu imekuwa ikiangalia kauli za marehemu, vitendo vyake na namna alivyoishi, ili kujua ni sheria ipi aliyoikusudia. Hapa kwetu ziko koo za Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wambugwe, na katika ukoo mmoja utamkuta Mwislamu, Mkristo na mwenye kushika mila. Mwislamu akifa bila kuacha neno, ndugu anaweza kusimama akadai kuwa marehemu alikuwa mtu wa mila.

Na tazameni tofauti yake. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, mjane aliyeachiwa watoto hana fungu katika mirathi ya mumewe. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya Mwenyezi Mungu mjane huyo ana thumni yake, kamili, mkononi mwake. Basi sentensi moja ya marehemu, yenye kusema kwamba yeye ni Mwislamu na kwamba mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, yaweza kumwokoa mkewe na kesi ya miaka mingi. Sentensi hiyo haihitaji wakili. Yahitaji kalamu tu.

Andikeni, basi. Andika jina lako kamili, mahali unapoishi na tarehe. Andika kwamba una akili timamu na hukulazimishwa na mtu. Taja dini yako. Taja wake zako na watoto wako wote kwa majina, hata yule aliyezaliwa kwa mke uliyemwacha, kwani mtoto aliyefichwa ndiye anayefungua kesi. Taja madeni unayodaiwa na unayodai, na amana za watu zilizo kwako. Orodhesha mali: nyumba, kiwanja, shamba la mahindi na mbaazi na mipaka yake, ng'ombe, pikipiki, akiba ya benki na ya chama cha kuweka na kukopa, na hata fedha zilizo katika simu. Taja hati ziko wapi. Eleza wazi kipi ni cha mkeo kwa jasho lake, maana mali ya mke si mirathi ya mume. Mteue wasii mwaminifu. Kisha tia sahihi au dole gumba kwa wino, mbele ya mashahidi wawili waadilifu wanaojua kusoma na kuandika, wasiopata chochote katika wasia huo. Asiyejua kuandika amwombe mtu mwaminifu amwandikie, na aongeze mashahidi, mmoja wao awe wa ukoo wake.

Nakala moja mpe wasii. Ukitaka uhifadhi wa uhakika zaidi, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, hupokea na kutunza wasia kwa ada. Lakini usiufiche hata usijulikane; wasia usioonekana ni sawa na usioandikwa.

Na ole wake anayemlipa mtu amtungie wasia wa hila ili kumnyima binti fungu lake. Huyo amenunua ugomvi kwa fedha yake mwenyewe, na bado ana hesabu mbele ya Mola wake.

Sasa natuzungumze na waliofiwa. Mirathi ya Mwislamu hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi marehemu. Lugha yake ni Kiswahili, na fomu zake ni za Kiswahili. Chukueni cheti cha kifo. Kaeni kikao cha ukoo, wanawake wawepo na wasikilizwe, mwandike muhtasari na mpendekeze msimamizi mmoja au wawili. Sheria yenyewe inaitaka mahakama iyaangalie matakwa aliyoyaeleza marehemu katika kumteua msimamizi. Hapo ndipo wasia unapofanya kazi yake. Msimamizi hujaza ombi, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama humteua. Baada ya kuteuliwa, ana miezi minne, ila mahakama ikimwongezea muda, ya kuleta orodha ya mali na madeni pamoja na hesabu ya alivyogawa. Msimamizi si mrithi mkuu, wala si mmiliki. Ni mtu wa amana.

Je, ni lazima kuwa na wakili? Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliwazuia mawakili kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, wakaruhusiwa pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Warithi wakipatana, na mali ikijulikana, msimamizi mwenyewe aweza kuzimaliza hatua zote hizi. Akikwama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na asiye na uwezo hupewa msaada huo bila malipo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii, ulizeni wilayani.

Simsemi wakili kwa ubaya. Kazi yake ni ya heshima, na iko siku anahitajika: pakiwa na ubishi wa kweli juu ya nani ni mrithi, au ardhi imeuzwa kwa watu wawili, au marehemu alikuwa na kampuni, au shauri limekwenda kwenye rufaa. Hapo mtafuteni, lakini kwa busara. Hakikisheni kwamba ameandikishwa katika daftari la mawakili, msije mkaangukia mikononi mwa hao waitwao vishoka. Patanene ada kwa maandishi kabla ya kazi kuanza, na ijulikane ni kwa kazi gani. Viko viwango vya malipo ya mawakili vilivyotangazwa mwaka 2015. Si vibaya kuuliza. Daini stakabadhi kwa kila malipo. Pelekeni karatasi zikiwa zimepangwa, kwani mkimwachia wakili kazi ya kuzitafuta, mtamlipa kwa kuzitafuta. Na warithi wenye dai moja wasiajiri mawakili watano.

Ndugu Waislamu, wengine husema: tutakwenda kwa sheikh, yatosha. Kwenda kwa masheikh na kwa Kadhi wa BAKWATA ili mpate mgawanyo sahihi ni jambo jema, na mara nyingi huzima ugomvi. Lakini fahamuni kwamba hali yetu si kama ya Zanzibar au Kenya, ambako Mahakama za Kadhi zimewekwa na sheria na hukumu zao hutekelezwa. Huku Bara mgawanyo wa Kadhi ni mwongozo. Uandikeni, warithi wote wautie sahihi, msimamizi aupeleke mahakamani pamoja na hesabu zake. Mkifanya hivyo mtakuwa mmepata dini na sheria kwa safari moja.

Wala msicheleweshe. Mirathi isiyogawanywa huzaa mirathi nyingine: mrithi hufa kabla hajapata fungu lake, watoto wake nao huingia, na nyumba moja huwa na wadai thelathini. Aliyekuwa akimaliza jambo kwa kikao kimoja sasa hatalimaliza kwa hukumu tatu.

Basi kila mwenye nyumba, baba au mama, akirudi leo baada ya Sala achukue karatasi. Aanze na madeni yake. Mwanafunzi anayejua kuandika amsaidie babu yake na bibi yake, awasomee walichokisema mpaka waridhike kuwa ndicho. Na ambaye tayari ni msimamizi wa mirathi, ajiulize usiku huu: je, hesabu nimeipeleka, au mayatima wangali wakiningoja?

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watekelezaji wa amana. Walinde mayatima wetu na wajane wetu. Utusamehe sisi na wazazi wetu waliotutangulia, na utuondoe duniani hali ya kuwa hatudaiwi na mtu.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu na ya Waislamu wote. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.