Dosari ya Mtu Mwema

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wa kata ya Kasanda, wilaya ya Kakonko, tukijiandaa na uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)

 

Najua tumekuja kupanga wagombea, na wengine mmeshaanza kunung'unika kwamba huyu dada anatuletea fasihi ya kidato cha sita. Vumilieni kidogo. Mimi nasoma sheria, lakini kuna jambo kuhusu nchi hii ambalo sikulielewa kwenye vifungu mpaka nilipolikuta kwenye hadithi.

Nianze na Mwalimu. Mwaka 1963, akiwa Rais, Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Juliasi Kaizari. Wengi tunaikumbuka kwa Kaizari kuchomwa visu. Lakini tanzia yenyewe ni ya Brutus. Brutus ni mtu safi, anamuua rafiki yake kwa kuamini anaiokoa Roma. Kwa sababu nia yake ni njema, anadhani kila mtu ataiona hivyo hivyo. Anamruhusu Antony ahutubie mazishini, yeye anaondoka zake, na mji unawaka. Dosari yake ndiyo hiyo: wema wake umemfanya asione haja ya kuuliza watu wanafikiri nini.

Sasa tazama kalenda. Uhuru tulipata Desemba 1961. Mwaka 1962, hata mwaka haujatimia, Bunge likapitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini: Rais anaweza kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. 1963 ndiyo hiyo tafsiri. 1965 Katiba ikatufanya nchi ya chama kimoja. Yaani mtu aliyekaa usiku na usiku akitafuta Kiswahili cha kueleza hatari ya madaraka ya mtu mmoja ndiye aliyekuwa anayapokea madaraka hayo. Simkejeli, na hapa naomba tusielewane vibaya. Mwalimu hakujilimbikizia mali, aliondoka Ikulu mwenyewe 1985, na 1990 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusema mjadala wa vyama vingi uruhusiwe. Ndiyo maana naiita tanzia. Angekuwa mwizi ingekuwa habari ya polisi tu.

Wazee mliokaa pale nyuma mnaijua dosari hii bila kusoma kitabu. Operesheni Kigoma, 1972. Waha walikuwa wanakaa kwenye vilima, kila mji na migomba yake. Ikaja amri: shukeni, mjipange mistari kando ya barabara, serikali iwaletee shule, zahanati na maji. Nia njema kabisa. Na haikuwa mara ya kwanza, maana Mwingereza naye miaka ya 1930 aliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu akawakusanya mahali pamoja kwa sababu ya malale. Mara zote mbili sababu ilikuwa nzuri, na mara zote mbili aliyehamishwa hakuulizwa. Novemba 1973 ikawa amri ya nchi nzima: mpaka mwisho wa 1976 kila mtu awe kijijini. Sehemu nyingine nyumba zilichomwa. Sheria ya Vijiji ikaja 1975. Mnaona mpangilio huo? Watu wamehama kwanza, sheria ikafuata nyuma kama mkia.

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliliandika hilo mapema, 1979, kwenye Gamba la Nyoka. Kuna wanakijiji wanaokataa kuhama, na kuna vijana wasomi wanaorudi kijijini na ujamaa kichwani. Wasomi wale siyo wabaya, na kitabu hakiwachori kama wabaya. Ukikisoma ukiwa chuo, unajikuta unawaza: mimi ningekuwa upande gani? Sina hakika sana na jibu langu.

Sasa twende kwenye neno lililo kwenye ratiba, distopia. Ni hadithi za nchi ya kesho iliyoharibika, ambako mtawala anataka kutawala mpaka hesabu na kumbukumbu. Wengi wetu tumekutana nazo kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell. Ilitoka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Mkenya Katama Mkangi naye, aliyewekwa kizuizini enzi za Moi, alituandikia Walenisi mwaka 1995. Litamke jina hilo polepole: wale ni sisi.

Vijana wa upinzani tunazipenda hadithi hizi maana tukizisoma tunamwona CCM kila ukurasa. Na mifano ipo, siyo ya kubuni. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui mtandaoni, mwenye blogu akatakiwa kulipia leseni na ada zaidi ya shilingi milioni mbili. Jamii Forums ikajifunga kwa muda mwezi Juni. Mwaka huo huo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa: ukitoa takwimu za kupingana na za serikali, ni kosa la jinai, na jela ipo. Wakailegeza 2019 baada ya kelele nyingi. Mwandishi Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hadi leo hajaonekana. Orwell hahitajiki hapo.

Lakini hapa ndipo nataka tubishane. Ile sheria ya kizuizini ya 1962 bado iko vitabuni. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilitoa ripoti 1992, ikataja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na hiyo ikiwemo. Miaka zaidi ya 30. Nani aliiacha? Mtu mwema aliitunga akiamini hataitumia vibaya, akaja mwingine akaikuta mezani, akaja mwingine. Distopia haikuanza na mtu katili. Ilianza na mtu tuliyempenda, na sisi tukaona kumdai kinga dhidi yake ni utovu wa adabu.

Kwa hiyo swali ni kwetu. Tukiingia madarakani kesho tutazikuta zile zile. Hapa kuna mtu ameisoma katiba ya chama chetu? Mikono... Mmoja. Wawili. Kama mgombea wa kitongoji anapatikana kwa simu kutoka wilayani, na sisi tunapiga makofi kwa sababu aliyepiga simu ni kiongozi tunayemwamini, basi dosari ya Brutus tunayo na sare tumeshaishona. Nataka leo kura za maoni zipigwe hapa, zihesabiwe hapa, mbele ya wazee hawa.

Najua jibu litakalokuja: hata tukipiga, kuna faida gani? Mwaka 2019 wagombea wetu walienguliwa, vyama vikubwa vikajitoa, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Vijiweni nimelisikia sana: "Kura ni kupoteza muda, bora nilime." Sitawadharau wanaosema hivyo. Imani ikipotea huwa imepotezwa na mtu.

Kezilahabi ana kijana wa hivyo kwenye Kichwamaji, cha 1974. Anaitwa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, akili nyingi. Ofisa Manase amemharibia dada yake maisha, na Kazimoto badala ya kudai haki hadharani anapanga kisasi chake kimya kimya, huku haamini Mungu, wazee wala serikali. Mwisho anajiua. Kitabu kinachofuata, Dunia Uwanja wa Fujo, shujaa anaitwa Tumaini, na Tumaini anahukumiwa kunyongwa. Walimu hutuambia mwandishi ni mtu wa kukata tamaa. Mimi nasoma tofauti: Kazimoto anaangamia kwa sababu kila kitu anakimaliza peke yake kichwani.

Mbele yake naweka watu wawili wa kweli, baba na mwana, kwenye kesi ya Lohay Akonaay. Walinyang'anywa ardhi wakati wa operesheni ya vijiji. Wakashtaki, wakashinda, 1987 wakarudi kwenye shamba lao. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria ya kufuta haki za kimila kwenye vijiji vya operesheni na kuzizuia mahakama zisisikilize madai hayo. Wakarudi tena mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Nyalali huyo huyo, ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na mtu hawezi kufungiwa mlango wa mahakama. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaisoma hukumu hiyo. Ilichukua kama miaka 20, ndiyo. Na wengi walionyang'anywa hawakupata kitu, nisiwadanganye.

Hata sanduku la kura halijawahi kuwa bure huku kwetu. 2010 Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe walichagua NCCR-Mageuzi. 2015 jimbo letu hili la Buyungu lilimpeleka bungeni marehemu Mwalimu Kasuku Bilago wa CHADEMA. Ni watu hawa hawa wa Kasanda.

Na kabla ya Novemba kuna jambo halihitaji kura. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza. Mkutano huo ni wa kila mkazi mwenye miaka 18, na unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu. Yaani lile swali ambalo wazee hawa hawakuulizwa 1972, sasa lina kikao chake. Ila kikao chenyewe wakihudhuria watu kumi na tano, mtendaji anaandika "wajumbe wameridhia", na kweli, nani alikataa?

Mwenyekiti, muda umeniishia. Nakala mbili za sheria hiyo nimemwachia katibu, ya Kiswahili. Anayetaka kutoa fotokopi kwa ajili ya kijiji chake aniandikishe jina sasa hivi, na atakayekwenda mkutanoni aombe kusomewa muhtasari uliopita kabla ya ajenda yoyote.